Kabla ya kulipia kozi ya kompyuta, andika unachokilipia steshenari

Kuanzia Majengo hadi Nkuhungu, Chang'ombe, Area C na Ilazo, hapa Dodoma ni vigumu kupita mtaa usio na steshenari: kompyuta mbili tatu, printa, mashine ya kutoa kopi na benchi la kusubiria. Ndiko watu wazima wengi wanakomalizia mambo yao ya kompyuta, kwa mikono ya kijana wa dukani. Wanaandikiwa barua, wanaombewa TIN ya mlipakodi, wanafunguliwa akaunti ya Ajira Portal ya kuombea kazi serikalini, wanatolewa kumbukumbu namba ya malipo, wanasomewa imeli. Wanalipa, wanaondoka. Wiki ijayo wanarudi kwa jambo lile lile.

Kumlipa mtu kazi yake si kosa. Tatizo ni kwamba mara nyingi imeli imefunguliwa kwa namba ya simu ya kijana wa duka, na nenosiri analijua yeye peke yake. Siku akihama, mwenye akaunti hana tena pa kuingilia. Namba ya NIDA, vyeti na picha ya pasipoti vimebaki kwenye kompyuta ambayo kila mpita njia anaikalia.

Kwa hiyo nikiulizwa mtu mzima aanzie wapi kujifunza kompyuta, sisemi "kasome Word na Excel". Nasema: chukua daftari, na kwa wiki mbili andika kila unachoenda kufanyiwa steshenari pamoja na kiasi unacholipa. Orodha hiyo ndiyo mtaala wako. Mwenyekiti wa kikundi anayefuatilia mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ataona orodha yake imejaa majina ya wanachama na hesabu za michango. Mwalimu ataona mitihani na barua, na mtumishi wa umma ataona ESS na PEPMIS, mifumo ya mtandaoni ya watumishi. Mkulima wa zabibu kule Mpunguzi au Hombolo pengine ataona vitu vitatu tu, na hivyo vitatu vinamtosha kuanza.

Chagua kimoja, kile unachokirudia zaidi. Jifunze kukifanya hicho mwanzo hadi mwisho, kisha nenda kwenye cha pili. Mtu mzima hujifunza haraka akiwa na kazi yake mkononi. Ukimpa zoezi la kunakili shairi la kitabuni, kesho yake amelisahau, na hana kosa, kwa sababu shairi lile halina anayelisubiri.

Mashine ya kujifunzia

Kujifunza kwa kuangalia hakupo. Ukikosa mashine ya kushika mwenyewe angalau siku nne kwa wiki, ahirisha kozi utafute mashine kwanza. Dakika 40 kila siku zina faida kuliko saa nne za Jumamosi, kwa sababu vidole husahau upesi kuliko kichwa.

Njia rahisi ni kuzungumza na mwenye steshenari iliyo karibu nawe. Muulize ni saa ngapi wateja hupungua, mkubaliane bei ya saa nzima badala ya bei ya kazi, na umwambie wazi kwamba unataka kukaa kwenye kiti mwenyewe. Wengi hukubali, kwani mashine iliyolala haiingizi kitu.

Ukienda chuoni, VETA, CBE au darasa la mtaani, uliza mambo manne kabla ya kutoa hela. Wanafunzi wangapi kwa mashine moja? Ukiambiwa wawili, jua mmoja ataendesha na mwingine atakuwa abiria, na abiria kwa kawaida ni yule mkubwa kiumri. Je, kuna saa za kufanya mazoezi nje ya kipindi? Umeme ukikatika, kipindi kinafidiwa? Na je, naruhusiwa kuja na kazi yangu? Swali la mwisho ndilo linalokuonyesha mwalimu. Kama jibu ni kwamba lazima wiki ya kwanza iishe kwa kunakili historia ya Charles Babbage na vizazi vya kompyuta, tafuta pengine. Kama unahitaji cheti cha kupeleka kazini, uliza pia kama chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, na usiishie kuangalia muhuri ukutani.

Ukiamua kununua, wengi wetu tutaishia kwenye laptopu ya mtumba. Angalia namba ya prosesa. Kwenye maandishi kama Core i5-8350U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi, hapa cha nane; kuanzia kizazi cha kumi ni tarakimu mbili za kwanza. Kizazi cha nane na kuendelea kinakubali Windows 11. Cha saba kushuka chini kwa kawaida hubaki na Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine hiyo itaendelea kuandika barua vizuri tu, ila usiifanyie mambo ya benki. Ramu iwe GB 8. Diski iwe SSD, hata ya GB 256, kwa sababu mashine yenye diski ya zamani ya kuzunguka inaweza kuchukua dakika kadhaa kuwaka na mwanafunzi akadhani ni yeye aliyekosea.

Betri usiambiwe kwa mdomo. Mwombe muuzaji afungue Command Prompt na kuandika powercfg /batteryreport. Itatengenezwa ripoti yenye namba mbili: uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Ikiwa ya pili ni chini ya nusu ya kwanza, punguza bei au hesabu kwamba utanunua betri nyingine.

Jambo jingine la laptopu za mtumba, ambalo huwasumbua wanaoanza bila wao kujua linatoka wapi, ni kibodi. Nyingi zimetoka Ulaya. Kibodi ya Uingereza alama ya @ iko karibu na Enter, na ya Marekani iko juu ya tarakimu 2. Ya Ujerumani imebadilishana Z na Y. Ya Ufaransa imehamisha A na Q, na Z na W. Kibaya zaidi ni pale kibodi ilipochorwa hivi na Windows imepangwa vile: unabonyeza @ inatoka alama ya kunukuu, na imeli yako haikubaliwi hata ujaribu mara kumi. Shika kitufe cha Windows ubonyeze nafasi, utaona orodha ya mipangilio iliyopo. Chagua inayolingana na maandishi ya vitufe vyako. Kwa anayeanza, kibodi ya Kifaransa au ya Kijerumani ni mzigo usio wa lazima. Iache dukani.

Siku za mwanzo ni za mkono

Wanaofundisha watu wazima hukosea sana hapa: wanakimbilia barua siku ya kwanza wakati mkono haujakubali mausi. Kipanya hicho kinadai vitu vinne, na kila kimoja ni ujuzi wake: kusogeza mshale, kubofya mara moja, kubofya mara mbili bila mkono kuyumba, na kuburuta huku kitufe kimeshikiliwa. Michezo ya karata ya Solitaire iliwekwa ndani ya Windows 3.0 mwaka 1990, na ilisaidia sana watu kuzoea kuburuta. Kwa mzee asiyependa kuonekana anacheza karata, fungua Paint aandike jina lake kwa mausi. Siku ya kwanza litakuwa kama mwandiko wa mtoto wa chekechea. Siku ya nne linasomeka.

Kubofya mara mbili ndiko kunakowashinda wengi, kwa sababu kati ya mbofyo wa kwanza na wa pili mkono unasogea kidogo, na kompyuta inadhani unataka kuburuta. Faili linahamia mahali pengine na mtu anasema limepotea. Dawa ni mbili. Fungua mipangilio ya mausi upunguze kasi ya mbofyo maradufu, na kasi ya mshale vilevile. Au acha kabisa kubofya mara mbili: bofya mara moja kuchagua, halafu bonyeza Enter. Kazi ni ile ile. Mwenye mkono unaotetemeka aanze na hii ya pili.

Mausi ikifika ukingoni mwa meza, inyanyue uirudishe katikati. Mshale hautasogea. Hakuna anayezaliwa analijua hilo, na kuna watu wanajifunza mwezi mzima mkono ukiwa umenyooka hadi kwa jirani. Meza ya kioo au inayong'aa sana huifanya mausi iruke ruke. Weka daftari chini yake.

Kwenye kibodi, tafuta vinundu viwili vidogo kwenye F na J. Vidole vya shahada vinakaa hapo. Sisemi mtu wa miaka 55 lazima aandike bila kuangalia vitufe, lakini dakika 15 kila siku za kurudisha vidole hapo zinapunguza uchovu. Zaidi ya hapo, vitufe vya kuzoea mapema ni vichache. Shift hushikiliwa, haibonyezwi ikaachwa. Ukiibonyeza mara tano mfululizo, utaulizwa kuhusu Sticky Keys. Jibu No uendelee. Backspace hufuta kilicho nyuma ya alama inayomeremeta, Delete hufuta kilicho mbele yake. Caps Lock ikiwa imewaka nenosiri linakataliwa, kwa sababu herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja. Num Lock ikiwa imezimwa, tarakimu za upande wa kulia haziandiki.

Halafu kuna Ctrl na Z. Wafundishe watu kitufe hiki kabla ya kingine chochote, kwa maana kinarudisha kosa la mwisho nyuma, na la kabla yake, na la kabla yake tena. Hofu kubwa ya mtu mzima ni kuharibu mali ya watu. Mwambie ukweli: kompyuta huharibiwa na maji, kuanguka, umeme unaopanda na kushuka, na vumbi. Kubonyeza kitufe kibaya hakuiharibu. Huwa nawaomba wanafunzi wafute aya nzima kwa makusudi, wakae wanaiangalia nafasi tupu, kisha wairudishe. Mabega yanashuka hapo hapo.

Macho nayo. Baada ya miaka 40 wengi wetu tunasoma kwa taabu kitu kilicho karibu, na mwanafunzi anayeinamia skrini hana shida ya akili, ana shida ya maandishi madogo. Kwenye kivinjari, shika Ctrl ubonyeze alama ya kujumlisha hadi usome bila kukunja uso. Kwenye mashine nzima, nenda Settings, sehemu ya Display, panga ukubwa uwe asilimia 125 au 150. Skrini ikae umbali wa mkono ulionyooshwa kidogo, isielekee dirisha. Jua letu la saa nane mchana likipiga kwenye kioo, hakuna atakayeona kitu.

Faili si faili

Neno hili linawachanganya hasa waliowahi kufanya kazi ofisini, na mji huu umejaa watu wa ofisi. Masijala, faili ni jalada la manila lenye karatasi nyingi ndani, kila karatasi na namba yake ya folio. Kwenye kompyuta mambo yamegeuzwa: jalada linaitwa folda, na folio moja ndiyo faili. Ukimwambia karani mstaafu "fungua faili", anatafuta jalada. Mwambie mara moja kwamba folda ni jalada na faili ni folio, na mambo yatakayofuata yatakuwa mepesi kwake kuliko hata kwa kijana, kwa sababu mpangilio wa masijala anao tayari kichwani.

Tofauti ya Save na Save As ielezwe hapo. Save inaandika juu ya folio ile ile. Save As inatoa nakala mpya yenye jina jingine au mahali pengine. Ukiwa na barua ya Machi na unataka kuigeuza iwe ya Aprili, bonyeza Save As kwanza, ndipo ubadilishe maneno. Ukibadilisha kwanza ukabonyeza Save, barua ya Machi imekwenda.

Wasiopewa hili huishia na Document1, Document2, hadi Document9, wakifungua moja moja kutafuta barua ya mjumbe wa nyumba kumi. Toa jina linalojieleza, ukianza na mwaka: 2026-03 barua ya mkopo. Mafaili yatajipanga yenyewe kwa tarehe. Kilichopakuliwa kutoka intaneti kiko kwenye folda ya Downloads. Ulichoandika kwenye Word huwa kiko Documents, isipokuwa kama mtu amebadilisha. Kikipotea, shika kitufe cha Windows na E, kisha andika sehemu ya jina kwenye kisanduku cha kutafutia.

Jaribio la sehemu hii ni hili: tengeneza folda yenye jina lako, weka humo barua tatu, funga kila kitu, zima mashine. Kesho zipate bila kumuuliza mtu. Ukishindwa, usiende mbele. Rudia. Wengi wanaosema kompyuta imewashinda, kilichowashinda ni hiki tu.

Kuhusu lugha: Windows inaweza kuwekwa kwa Kiswahili, na lipo la kufurahia hapo. Lakini mashine za steshenari, ofisini na chuoni karibu zote ziko kwa Kiingereza, kwa hiyo ukijifunzia menyu za Kiswahili utapotea ukihama kiti. Nashauri maneno yapatayo ishirini ya Kiingereza yakaririwe kama alama za barabarani: Open, Close, Save, Cancel, Print, Copy, Paste, Delete, Search, Next, Back, Submit, Sign in, Sign out na mengine ya namna hiyo. Asiyejua Kiingereza kabisa anayamudu kwa wiki mbili akiyaandika kwenye kadi.

Kwa barua yenyewe, mambo mawili. Word iliyopangwa kwa Kiingereza itapigia mstari mwekundu karibu kila neno la Kiswahili, na mwanafunzi ataanza kusahihisha maneno ambayo hayana kosa. Chagua maandishi yote kwa Ctrl na A, nenda Review, kisha Language, kisha Set Proofing Language, weka tiki kwenye Do not check spelling or grammar. La pili: anwani ya kulia isisukumwe kwa kitufe cha nafasi. Ukifanya hivyo, kubadilisha herufi moja kunavuruga mistari yote. Tumia Tab.

Hesabu za kikundi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu daftari la vikoba likihamia Excel ndipo watu wanapoipenda kompyuta, na ndipo wanapoumizwa nayo.

Safu ya A majina, B mchango wa wiki ya kwanza, C wa pili. Mstari wa kwanza uwe wa vichwa. Kama wanachama ni 30, wanajaza mstari wa 2 hadi wa 31, na chini yake kwenye B32 unaandika =SUM(B2:B31) na kubonyeza Enter. Mchango ukibadilika, jumla inajibadilisha.

Sasa andika michango kama tunavyoandika kwenye risiti: 5000/=. Jumla itatoka 0. Kompyuta ikiona /= inachukua kisanduku kizima kuwa maneno, na SUM haijumlishi maneno, inayaruka kimya kimya. Andika 5000 peke yake. Ukitaka mkato wa maelfu, chagua safu nzima na ubofye kitufe chenye alama ya mkato kwenye menyu ya Home. Namna ya kukagua kwa jicho: kama hujagusa mpangilio, tarakimu halisi huegemea kulia mwa kisanduku, na maneno huegemea kushoto. Pitisha macho kwenye safu. Kilichoegemea kushoto kati ya wenzake wa kulia hakijahesabiwa. Ukiona alama za reli ##### usishtuke, safu ni nyembamba tu. Ipanue kwa kuburuta mpaka wake juu.

Namba za simu zinapoteza sifuri ya mbele, kwa sababu kihesabu 0754 na 754 ni sawa. Namba ya NIDA ni hatari zaidi. Ina tarakimu 20, na Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Ukiiandika bila vistari itageuka kitu kama 1.98E+19, na ukiipanua utakuta tarakimu tano za mwisho zimekuwa sifuri. Hazirudi. Orodha ya wanachama ikipelekwa hivyo halmashauri, namba hazitalingana na za NIDA. Kabla ya kuandika lolote, chagua safu za simu na NIDA, nenda Home, kwenye kisanduku kilichoandikwa General chagua Text. Au anza kila namba kwa alama ya king'ong'o ('), ile iliyo ndani ya neno ng'ombe. Haitaonekana kwenye karatasi.

Tarehe zina mtego wao. Mashine iliyopangwa Kimarekani inasoma 3/4/2026 kuwa Machi 4, wakati wewe ulimaanisha tarehe 3 Aprili. Ukiandika 25/4/2026 inaona hakuna mwezi wa 25 na kuiacha kama maneno. Kwenye mipangilio ya Region, badilisha Regional format iwe ya Tanzania au Uingereza, na umalize jambo hilo kabla ya mkutano wa kwanza.

Imeli yako, simu yako

Akaunti ya imeli fungua mwenyewe, kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lako na unayotegemea kubaki nayo. Nenosiri liwe refu kuliko kuwa gumu: maneno manne yasiyohusiana, na tarakimu ndani yake, linashinda jina la mtoto na mwaka aliozaliwa. Liandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Ndiyo, kwenye karatasi. Mwizi wa mtandaoni haingii kabatini kwako, na utakaposahau hutaanza kutafuta kijana wa kukufungulia akaunti mpya.

Ukiwa kwenye mashine ya steshenari, fungua dirisha la siri la kivinjari kwa Ctrl, Shift na N kwenye Chrome au Edge. Ukimaliza lifunge, na kumbukumbu za kuingia kwako zinafutika. Ila mafaili uliyopakua hayafutiki: nenda Downloads uyafute, kisha uyafute tena kwenye Recycle Bin. Ukiulizwa kama kivinjari kikumbuke nenosiri, kataa. Kabla ya kuandika namba ya NIDA kwenye ukurasa wowote unaosema ni wa serikali, soma anwani juu: jina la tovuti liishie .go.tz, kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata jina hilo.

Flashi ndiyo njia kubwa ya virusi mitaani. Dalili inayojulikana: unachomeka flashi, mafolda yako yote yamegeuka kuwa njia za mkato zenye kimshale kidogo. Usibofye hata moja. Mafolda halisi yamefichwa tu. Kwanza iskani flashi kwa Windows Security, kisha fungua Command Prompt uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Mafolda yatarudi, nawe futa njia za mkato zilizobaki.

Ukitumia bando la simu kwa hotspoti nyumbani, fanya hili siku ya kwanza: Settings, Network & internet, ingia kwenye jina la Wi-Fi yako, washa Metered connection. Usipofanya hivyo, Windows itapakua masasisho yake kwa nyuma, na bando la wiki litaisha kabla hujafungua ukurasa wa pili. Siku moja kwa mwezi tafuta mahali penye Wi-Fi ya uhakika, ambayo hujaiwashia Metered connection, ili mashine ijisasishe.

Umeme wetu unakatika. Laptopu inavumilia. Kompyuta ya mezani inataka UPS, hata ndogo ya VA 650, ambayo inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima, wala si za kuendelea kufanya kazi. Bonyeza Ctrl na S kila ukimaliza aya, kwa maana Word yenyewe kwa kawaida huweka akiba ya dharura kila dakika 10, na dakika 10 ni aya nyingi. Vumbi la kiangazi funika kwa kitambaa, na matundu ya feni yasiegemee godoro.

Kwa anayefundisha mama yake, baba yake au mteja: mikono yako weka nyuma ya mgongo. Ukishika mausi "kumwonyesha tu", umemnyima somo. Mwambie kwa maneno bofya wapi, subiri, subiri tena. Shikamoo yako isibadilike kwa sababu leo wewe ndiye mwalimu. Mzee akihisi amepandiwa kichwani na mjukuu, kesho hatakuja, naye hatakwambia sababu.

Jambo moja kwenye daftari lako pengine utaendelea kulilipia, nalo ni kuchapa. Printa ndogo ya wino ikikaa wiki kadhaa bila kazi, matundu yake hukauka, na kiangazi cha Dodoma ni kikavu. Peleka steshenari faili la PDF badala ya la Word, kwa sababu mashine yao ikikosa fonti yako mistari itahama na sahihi itaangukia ukurasa wa pili peke yake. Kwenye Word ni File, Save As, kisha chagua PDF. Kabla ya hapo fungua Layout, kisha Size, uhakikishe karatasi ni A4, kwani mashine nyingi huja zimepangwa Letter ya Kimarekani, ambayo ni pana na fupi kuliko karatasi iliyoko kwenye printa yao.